Kichupa cha Wifi

Pale maabara walimwita Lebo. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza kazini, alipomrudishia nesi wa wodi ya wazazi trei nzima ya damu kwa sababu vichupa vitatu vilikuwa vimeandikwa vibaya. Nesi alikuja juu, mkuu wa maabara akaitwa, na Lebo akasimama palepale na glavu zake mkononi akisema, bila kupandisha sauti, kwamba damu isiyosomeka jina ni damu ya mtu yeyote, na yeye hapimi damu ya mtu yeyote. Tangu siku ile hakuna aliyemletea kichupa kabla ya kukikagua mara mbili. Miaka kumi na moja ikapita, jina likamganda. Hata mume wake, fundi wa majokofu, akipiga simu ya kazini humwulizia Lebo.

Wasichokijua pale maabara ni kwamba kila mwezi mwenzao alikuwa na siku nne za kufa kikondoo. Alimeza vidonge viwili vya maumivu kabla ya kutoka nyumbani, viwili tena saa nne akiwa chooni, akajifunga kitambaa kiunoni chini ya koti jeupe, kisha akakaa kwenye kile kiti kirefu kana kwamba hana hili wala lile. Wenzake wakienda kunywa chai, yeye habanduki. Wakasema ana maringo.

Miaka miwili nyuma alikuwa amefanyiwa upasuaji wa matundu. Daktari wa wanawake aliingiza kamera tumboni, akaona alichokuwa akikishuku: endometriosis. Vinyama vinavyofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba vilikuwa vimeota nje yake, vingine kwenye mirija, vingine vimejishika na utumbo, na kila mwezi navyo vikivuja damu isiyokuwa na pa kutokea. Walitoa walivyoweza kuvitoa. Nyumbani watu waliambiwa ni kidole tumbo. Aliyeamua hivyo ni Lebo mwenyewe, na mume wake akakubali kwa shingo upande.

Alikuwa anamkwepa mama mkwe. Mama mkwe, mwalimu mstaafu, hakuwa mtu wa fujo. Maneno yake aliyatoa taratibu, kama anayemsomea mtoto imla. Mwaka wa sita wa ndoa, mtoto hajaonekana, aliweka kikombe chini siku moja ya Jumapili akasema, "Mimi simsemi mtu. Ila wasichana wa siku hizi wanajichafua mapema, halafu wanakuja kuwahangaisha watoto wa watu." Akaendelea kunywa chai yake. Lebo hakuwahi kujuana na mwanamume mwingine kabla ya mume wake. Hata hivyo lile neno la kuchafuka lilimwingia likakaa. Wiki ileile alianza kujiosha ndani kwa sabuni na maji yaliyotiwa dawa ya vidonda, asubuhi na jioni, mlango wa bafu ukiwa umefungwa kwa komeo. Alikuwa mtu wa maabara, alijua vizuri kwamba haifai. Alijiosha tu.

Na maabara nayo ilikuwa na maneno yake. Msomaji mkuu wa hadubini, mzee wa miwani minene waliyemwita Babu Lenzi, alikuwa na mzaha mmoja aliourudia miaka yote. Akikuta kioo chenye kipimo cha mwanamke kimejaa bakteria wasiotakiwa, huinua kichwa akasema, "Huyu naye nyumba yake haina mlango." Chumba kizima hucheka. Lebo alicheka pamoja nao, na mara mbili tatu mzaha ulikuwa wake yeye.

Basi siku moja akaja Daktari wa utafiti. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kutembea, mwenye kawaida ya kukaa juu ya meza anapoeleza jambo. Alitaka kujua bakteria wanaoishi katika njia ya uzazi ya wanawake wenye endometriosis wanatofautiana vipi na wale wa wanawake wasio nayo.

"Kila mwanamke ana wakaazi wake," aliwaambia watu wa maabara. "Wapo wale wenye umbo la vijiti virefu. Hao ni kama walinzi, wanatengeneza asidi inayowazuia wengine wasizaane ovyo. Tafiti kadhaa zinaonyesha kwamba kwa wenye huu ugonjwa, mara nyingi walinzi wamepungua na wengine wameongezeka. Je, ugonjwa ndio unawafukuza walinzi, au walinzi wakiondoka ndipo ugonjwa unapata nguvu? Au havihusiani kabisa? Sijui. Hakuna anayejua bado. Nataka wanawake arobaini wenye ugonjwa na arobaini wasio nao."

Baadaye alimwita Lebo pembeni, maana alikuwa ameliona jina lake kwenye orodha ya waliopasuliwa. "Najua wewe ni mmoja wao. Hulazimiki. Lakini ukikubali, utaingia kwa namba tu kama wote."

Lebo alikubali. Alikubali kwa sababu alimpenda yule Daktari, na kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameutaja ugonjwa wake bila kupunguza sauti. Akaenda mbali zaidi, akamwomba wifi yake aingie upande wa wazima.

Wifi huyo, dada wa mume wake, alikuwa mshonaji wa mapazia, mama wa watoto watatu, mtu wa kicheko cha kusikika mpaka nyumba ya tatu. Katika ukoo ule ndiye aliyempokea Lebo kwa mikono miwili tangu siku ya kwanza.

"Wifi, kwani uzima wangu mpaka ukaangaliwe huko?" aliuliza huku pini zikiwa mdomoni.

"Ni kijiti cha pamba tu. Dakika mbili."

"Haya, nitakuja. Lakini mkikuta kitu cha ajabu mniambie mimi kwanza, msimwambie kaka yangu. Atanitangaza."

Wakacheka. Walikwenda siku moja, Jumanne asubuhi, wakaketi kwenye benchi moja nje ya chumba cha nesi. Lebo alikuwa namba thelathini na moja, wifi thelathini na mbili. Lebo alipotoka mle ndani akifunga vifungo vya koti, Babu Lenzi alikuwa akipita koridoni na chupa yake ya chai. Alimsalimia, akaangalia mlango wa nesi, akaendelea na safari yake.

Saa tano trei ilifika maabara. Vichupa vilikuwa viwili tu asubuhi ile, pamoja na vioo viwili vilivyokwisha pakwa. Kazi ya Lebo ilikuwa kuandika namba pembeni mwa kioo kwa kalamu ya risasi, kutia rangi, kuweka vichupa kwenye friza vikisubiri kupelekwa kunakosomwa vinasaba, na kumwachia Babu Lenzi vioo asome. Wenzake walikuwa wamekwenda kunywa chai. Alitia rangi, akasuuza, akakausha. Halafu, jambo ambalo halikuwa kazi yake, akaweka kioo cha thelathini na mbili chini ya hadubini.

Kilikuwa kizuri. Vijiti virefu vya rangi ya zambarau vimejaa kila upande, vimetulia, hakuna mgeni. Alitabasamu, akamkumbuka wifi na pini zake. Kisha akaweka cha kwake.

Vijiti havikuwepo. Alisogeza kioo kulia, akasogeza kushoto, akaona vitatu, vinne, basi. Mahali pao pamejaa vidudu vidogovidogo vya kila namna, na chembe za mwili zimefunikwa navyo mpaka kingo zake hazionekani. Alikuwa amesoma vioo kama hivyo mamia kwa mamia. Alijua maana yake: mizani ya bakteria imevurugika, basi, jambo linalowapata wanawake wengi, hata wasio na mume. Alijua pia kwamba miaka ya sabuni na dawa ya vidonda isingemwacha salama. Lakini kilichomjia kichwani si hayo. Alisikia sauti ya mama mkwe, taratibu, kama imla. Halafu akasikia ya Babu Lenzi, ambaye angekisoma kioo hiki baada ya nusu saa, ambaye alimwona akitoka kwa nesi, na ambaye kuhesabu mpaka mbili hakukumshinda.

Angeweza kujitoa. Fomu ilisema wazi kwamba mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu. Hilo alikuja kulikumbuka baadaye, mara nyingi, akiwa jikoni, akiwa njiani. Asubuhi ile hakulikumbuka. Alichukua kifutio akafuta namba kwenye vioo vyote viwili, akaziandika upya kwa kubadilisha. Kisha akabandua lebo za vichupa. Zilitoka kwa urahisi kwa kuwa gundi haijakauka. Akazibandika kila moja mahali pa mwenzake, akazipitisha kidole gumba zikae sawa. Kazi yote haikumaliza dakika tatu. Akajiambia kwamba hizi ni namba tu, zitachanganywa na za wengine sabini na nane, na hakuna mtu wa nyama na damu atakayeguswa.

Babu Lenzi alirudi, akafuta miwani, akasoma cha kwanza bila neno. Cha pili alikisoma kwa muda mrefu zaidi, akainua kichwa. "Thelathini na mbili huyu, nyumba yake haina mlango."

Watu wakacheka. Lebo naye akacheka. Alisikia kicheko chake mwenyewe kikitoka, akajiuliza anamcheka nani, wifi yake au yeye mwenyewe.

Katika karatasi za utafiti ule kulikuwa na ukurasa ambao Lebo aliusoma mwanzoni na kuusahau, au kujisahaulisha: yeyote ambaye kioo chake kitaonyesha mizani imevurugika, ataitwa na kupewa dawa. Baada ya wiki mbili nesi akampigia wifi simu.

Wifi alikwenda, akaelezwa, akapewa vidonge vya siku saba na karatasi. Nesi alimweleza vizuri kabisa kwamba si ugonjwa wa zinaa. Lakini mtu akishaambiwa kuna bakteria kule, mengine yote huyasikia kwa mbali. Mume wake alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kukaa barabarani wiki mbili na nyumbani siku nne. Wifi alitoka hospitali ameshapata hesabu yake, na jibu lilikuwa moja.

Jioni ya siku ya tatu alimjia Lebo nyumbani. Hakuwa na kicheko. Alikaa kwenye ukingo wa kochi bila kuvua viatu.

"Wifi, wewe ni mtu wa maabara. Niambie ukweli, usinifiche. Nimeletewa?"

Lebo alikuwa amesimama na kitambaa cha kufutia vyombo. "Umeletewa nini?"

"Usijifanye hujui. Nimeambiwa nina bakteria. Mimi, ambaye tangu niolewe sijamwangalia mtu. Basi nani kawaleta kama si yeye na hayo malori yake?"

"Wifi, hii haiji hivyo. Hata mwanamke aliye peke yake anaweza kuipata. Sabuni kali inatosha, dawa za—"

"Sabuni gani? Mimi naoga kwa maji na sabuni ya kawaida. Hao vijana wa barabarani nawajua. Jana nimeshika simu yake nikaikuta ina namba ya mwanamke, anasema ni wa stoo ya mizigo. Wa stoo." Sauti ilimkatika. "Nimemwambia asinisogelee. Amechukua mto wake, anakwenda kulala kwenye lori."

Lebo alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, tena machache: kile kichupa ni changu. Badala yake alimletea maji. Wifi akanywa, akamshika mkono, akasema, "Asante. Angalau nina wewe."

Usiku ule Lebo hakula. Mume wake alimwuliza ana nini, akasema tumbo, na kwa kuwa tumbo lilikuwa jibu la kawaida nyumbani mwao, hakuulizwa zaidi.

Siku zilizofuata alitafuta njia ya kuwasaidia bila kusema. Alimtumia wifi maelezo marefu kwenye simu kuhusu bakteria. Wifi akajibu, "Unanifariji tu." Alimpigia dereva simu amwambie avumilie, dereva akamjibu kwa upole, "Shemeji, sijui hata nimefanya nini." Kila alichokifanya kilikuwa ni kupaka rangi ukuta unaoanguka, naye alijua.

Kisha Daktari akamwita ofisini. Alikuwa amekaa juu ya meza kama kawaida yake, amefurahi.

"Majibu ya vinasaba ya kundi la kwanza yamerudi," alisema. "Na wewe umenishangaza. Katika wenye ugonjwa wote waliosomwa, wewe peke yako ndiye mwenye walinzi tele, kama mtu ambaye hajawahi kuugua. Nataka kukufuatilia. Unakula nini? Unajitunza vipi? Huenda kuna kitu kwako kitakachowasaidia wengine."

Lebo alisimama akitazama viatu vyake. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mbona huna furaha?"

"Nimechoka kidogo, Daktari."

"Pumzika. Jumatatu tutaongea."

Jumatatu ilikuwa mbali, na Jumapili ikatangulia. Mama mkwe aliwaita wote kwake. Sebule ilikuwa ileile, makochi yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, picha za wanafunzi wake wa zamani ukutani, televisheni imezimwa sauti. Dereva aliketi karibu na mlango na kofia yake magotini, macho mekundu. Alikuwa ameahirisha safari yake, akalala kwenye lori siku tisa. Wifi alikaa upande wa pili, amempa mgongo. Mume wa Lebo alikuwa kati yao kama refa asiyejua sheria za mchezo.

"Mimi nimelea mtoto wa kike msafi," mama mkwe alianza. "Sitaki kelele. Humu ndani tuna mtaalamu, kwa nini tugombane kama watu wasiosoma?" Akamgeukia Lebo. "Mkwe wangu, tueleze. Kitu hiki mwanamke anakipata wapi?"

Wote wakamwangalia. Wifi alimwangalia kwa matumaini, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Si kitu cha kuletewa, Mama," alisema. "Kila mwanamke ana bakteria. Wazuri wakipungua, wengine wanaongezeka. Inaweza kuwa sabuni, inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa ugonjwa mwingine wa tumbo. Haionyeshi kwamba mtu ametoka nje ya ndoa. Na haionyeshi kwamba mtu ni mchafu."

"Basi mwanangu kaipataje?"

"Hakuipata."

"Hospitali imempa dawa za nini?"

Lebo aliweka mikono yake magotini.

"Vipimo vilibadilishwa. Kile kichupa kilichosomwa kwa namba yake hakikuwa chake. Kilikuwa changu."

"Nani kavibadilisha?" dereva aliuliza kutoka mlangoni.

"Mimi. Kwa mikono yangu. Niliona cha kwangu kibaya na cha wifi kizuri, nikaona aibu, nikabadilisha lebo. Nilidhani hakuna atakayejua." Alitaka kuendelea kueleza, akaona kila neno linaloongezeka linafanana na kujitetea, akanyamaza.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa nafuu. Wifi alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

"Nilikuja kwako," alisema hatimaye. "Nilikaa kwenye kochi lako. Nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Siku saba nimetapika kwa dawa zako. Watoto wangu wameniuliza baba yao kwa nini analala nje." Akainuka, akaenda jikoni, na wote wakasikia maji yakifunguliwa na sahani zilizokwisha oshwa zikioshwa upya.

Dereva alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. "Siku tisa," alisema, akatoka nje.

Mama mkwe alibaki wima kitini. "Kwa hiyo ni wewe," alisema taratibu. "Mwenye hayo mambo ni wewe."

Hapo mume wa Lebo akasema, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko alivyozoea kuitumia mbele ya mama yake. "Mama, ule upasuaji haukuwa wa kidole tumbo. Ana ugonjwa tumboni, tangu msichana, si wa kuchezea ujana wala wa kitu chochote. Kila mwezi namwona anavyoumia. Tulikuficha."

"Mimi nifichwe, kwa nini?"

"Ungesema nini, Mama?"

Mama mkwe alinyoosha kitambaa cha kiti chake. Haikujulikana kama alikumbuka ile Jumapili ya kikombe. Hakuomba radhi, wala Lebo hakuingojea. Walirudi nyumbani. Mume wake alimfungulia mlango wa geti, akasema, "Ungeniambia mimi," akaingia ndani kwanza.

Jumatatu saa mbili Lebo alikuwa mlangoni kwa Daktari kabla hajafika. Safari hii Daktari alimsikiliza akiwa amekaa kwenye kiti.

"Nilikuwa nimeanza kuandika kuhusu wewe," Daktari alisema. "Ningetoka mbele ya watu nikaeleza habari za mwanamke ambaye hayupo. Unaelewa? Wanawake themanini wamepanda kile kitanda kwa sababu waliniamini. Na waliniamini kwa sababu niliwaambia hapa maabara kuna mtu makini."

"Naelewa."

"Hapana, hujaelewa bado. Na ulichokiona kwenye kioo ulikiita nini?"

Daktari hakungoja ajibu.

"Ulikiita uchafu. Wewe, mwenye elimu yote hiyo. Kama wewe umekiita hivyo, yule anayekuja hapa hajui hata kusoma fomu atakiitaje?" Alisugua macho yake. "Tangu lini unajiosha na hiyo dawa?"

"Miaka mitano."

"Acha leo. Utapewa matibabu yako kama mgonjwa yeyote. Kwenye utafiti umetoka. Na nitamwandikia mkuu wako, sina njia nyingine."

Barua ilifika. Lebo aliondolewa kwenye meza ya vipimo kwa miezi mitatu, akapelekwa chumba cha nyuma kuosha vyombo vya vioo. Habari katika jengo lile haikuhitaji miguu. Wapo walioacha kuongea alipoingia. Nesi wa wodi ya wazazi, yuleyule wa miaka kumi na moja nyuma, alifika mpaka mlangoni kumwangalia, akaondoka, na Lebo akaona anastahili kuangaliwa hivyo.

Alimeza dawa. Aliiondoa bafuni ile chupa ya dawa ya vidonda. Baada ya wiki sita alirudi kwa nesi, akakaa kwenye benchi na wagonjwa wengine, na kioo chake kikapelekwa mbele kwa jina lake kamili. Babu Lenzi ndiye aliyekisoma. Mchana alikuja chumba cha nyuma, akasimama karibu na sinki akishika miwani.

"Vijiti vimeanza kurudi," alisema. "Si vyote."

"Asante."

Mzee hakuondoka. "Ule mzaha wangu. Ningejua ni wewe, nisingesema."

Lebo alikuwa na brashi mkononi. "Ungemsema nani basi?"

Babu Lenzi alivaa miwani yake akatoka. Aliendelea kuwa mtu wa mizaha, lakini ule wa nyumba na mlango hakuna aliyeusikia tena ukitoka kwake. Na Lebo, kila akipita koridoni akaona wanawake kwenye lile benchi, alihesabu moyoni wangapi kati yao aliwahi kuwacheka, akashindwa kumaliza.

Maumivu hayakuondoka. Daktari alikuwa amemwonya: kurudi kwa walinzi hakukutoa vile vinyama vilivyobaki tumboni, na kama kungeyapunguza maumivu, hilo nalo lilikuwa bado linatafutwa. Jumamosi moja ya mwezi wa tatu tangu ile barua, siku zake zilianza vibaya. Mume wake alikuwa kazini. Alikuwa amejikunja kitandani na chupa ya maji ya moto tumboni aliposikia mlango wa mbele ukifunguliwa bila hodi, halafu hatua alizozijua.

Wifi alisimama mlangoni mwa chumba. Hawakuwa wameonana tangu ile sebule. Alikuwa na mfuko wa vitambaa begani na futi ya kushonea shingoni, kama mtu aliyepitia tu.

"Kaka kaniambia uko peke yako," alisema.

Lebo alijaribu kuinuka, akashindwa.

"Nimetoa kipimo upya. Yule Daktari aliniita mwenyewe, akaniomba. Nimepewa namba nyingine." Aliweka mfuko chini. "Mume wangu kasafiri. Nilimwomba radhi, kanisamehe siku ileile. Yeye ni mwepesi. Mimi si mwepesi, wifi. Bado nina hasira na wewe, na sijui zitaisha lini."

"Najua."

"Nikilala nakumbuka nilivyokushukuru." Akasogea karibu na kitanda. "Hii ndiyo yenyewe? Ndivyo inavyokuwa kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Na ukija kwangu kwenye siku za kuzaliwa za watoto, ukakaa pale kwenye kona, ilikuwa hii?"

"Mara nyingine."

Wifi alitazama chupa ya maji ya moto, vidonge kwenye kiti, shuka lililolowa jasho. Uso wake haukulainika. Alivua futi shingoni, akaikunja, akavua viatu.

"Songa," alisema.

Lebo akasonga ukutani. Wifi akakaa kitandani, akavuta vitambaa vyake kutoka mfukoni, akaanza kupinda upindo wa pazia kwa mkono. Kila baada ya muda aliinyanyua ile chupa, akaipima kwa kiganja, na ilipopoa akaenda jikoni kuchemsha maji mengine.